Mlango wa Fearchar

Hapa Camas Ruadh, kijijini kwetu pwani ya Uskoti, hatupigi hodi. Unafungua mlango, unaita jina la mwenye nyumba, unaingia. Anayegonga ni polisi au mtu wa mbali, na akigonga, walio ndani huzima redio na kutazamana.

Kwa hiyo Sileas, mwenye ile nyumba ya kukodisha watalii ninayoitunza, aliponipigia simu Jumatatu, nilijua anachotaka kusema.

"Effie, umesoma walichoandika wale wageni wa Leeds?"

Nilikuwa nimesoma. Nyota mbili mtandaoni. Waliisifu bahari, wakavisifu vitanda, kisha wakaeleza kwamba Jumatano asubuhi mzee wasiyemjua aliingia bila kubisha, akamkuta mwanamke amejifunga taulo, akamwambia, "Usijisumbue, endelea tu," akabandika birika na kuketi kwenye kiti cha dirishani.

"Ni Torcuil," nikasema.

"Najua ni Torcuil! Nani mwingine? Mwambie asirudie, Effie. Likitokea tena nauza. Wageni wasipokuja sina cha kuezekea paa. Mwambie wewe, mimi nitalia."

Simlaumu. Nyumba ilikuwa ya baba yake, Fearchar, aliyefariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Yeye ni muuguzi Aberdeen na hawezi kuishi huku. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo na kufua mashuka.

Nilimkuta Torcuil, rafiki mkubwa wa Fearchar, jikoni kwake akishona wavu wa mtego wa kambakoche.

"Umekuja kunigombeza," akasema kabla sijakaa. "Umeingia kama mtu aliyechelewa kanisani."

"Umemtisha mke wa watu, Torcuil."

"Mimi? Yeye ndiye aliyenitisha! Nilidhani ni mzimu wa mama yake Fearchar. Ila yule mama hakuoga Jumatano hata siku moja."

Nikacheka, naye akacheka. Halafu akaacha kushona.

"Miguu ilikwenda yenyewe, mwanangu. Miaka arobaini na miwili, kila Jumatano na Jumamosi. Nilishabandika birika na kuketi ndipo nikaona vikombe si vile."

"Usiingie tena. Sileas atauza."

"Basi sitaingia."

Alisema upesi mno, kisha akarudia kushona, na nikaona uzi ukipita tundu lisilo lake.

Nilirudi nyumbani nikalifikiria jambo hilo kwa mpango, kama ninavyofikiria kazi yangu. Wageni wanatoka Jumamosi saa nne asubuhi. Wengine wanaingia saa kumi jioni. Katikati ya hapo naanza na mashuka, kisha bafu, kisha jiko, na mwisho kabisa nawasha moto. Saa hizo nyumba haina mgeni. Nikampigia Sileas nikamweleza kwamba saa hizo Torcuil angeweza kuja.

"Kile kiti bado kipo dirishani?" akauliza.

"Kipo."

"Mwambie asivute kiko ndani."

Nikamwambia Torcuil kwamba lile jiko la chuma linanishinda, moshi unarudi ndani, aje Jumamosi wageni wakishaondoka anisaidie kuwasha. Jiko lenyewe halijawahi kunishinda.

"Wewe tangu utotoni hujui kudanganya," akasema. Hakusema kama atakuja.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wageni waliondoka mapema, wakasahau soksi moja na kipande cha jibini. Nilikuwa chumba cha juu nikivalisha mito foronya niliposikia mlango wa chini ukigongwa. Mara tatu, polepole.

Nikachungulia dirishani. Nikaiona kofia yake, na maji yakimdondoka mabegani. Kwapani alikuwa na mabonge ya mboji kavu, ule udongo tunaouchoma huku badala ya kuni, ameyafunika kwa koti, na yeye mwenyewe akilowa. Alisimama mbali kidogo na kizingiti, kama mtu aliyeleta barua.

Neno "karibu" lilinifika mdomoni nikalirudisha. Nikimkaribisha leo, atakuwa mgeni wa nyumba hii hadi siku atakayokufa. Nikavalisha mto mwingine.

Akagonga tena.

"Effie! Umekuwa kiziwi?"

"Nina kazi!" nikapaza sauti bila kushuka. "Mlango una kitasa, na wewe una mikono!"

"Mikono imejaa!"

"Una kiwiko!"

Mvua tu juu ya paa. Mikono yangu ilikuwa imesimama juu ya mto, nami sikuthubutu kurudi dirishani.

Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka, upepo ukapanda ngazi hadi nilipo. Nikasikia viatu vikipanguswa kwenye mkeka, kisha sauti yake, si kubwa, ikiita ndani kama ilivyoita siku zote:

"Fearchar?"

"Birika lina maji," nikajibu kutoka juu.