Miche ya Kuugua

Nilimwambia mwaitu, mama yangu, asiguse kitu. Alikuwa ametoka Ndithini kuja kuona ngano ninayoifanyia utafiti kwenye kitalu hapa Machakos, na nilikuwa nimemweleza vizuri: tumehariri jeni zake, yaani tumekata kipande kidogo kabisa kinachokaribisha ugonjwa wa kutu. Hatukuongeza kitu.

"Ni kama kupalilia," akasema, "lakini ndani ya mbegu."

Nikatoka kupokea simu. Kurudi, nikapata ameng'oa miche sita, ameirundika mlangoni, majani yamejaa madoa ya kutu. Shambani kwake, mmea mgonjwa hung'olewa kabla haujaambukiza mingine.

"Mwaitu, hiyo ndiyo hatukuihariri. Tunaiacha iugue makusudi, ndio tuilinganishe na ile tuliyoihariri."

Sauti yangu ilikuwa kali, nikaijutia hapo hapo. Aliniangalia kama mtu aliyesikia nimemnyima mtoto chakula. Kisha akatandika lesso, akapiga magoti, akairudisha mmoja mmoja kwenye mikebe, akishindilia udongo kwa vidole.

"Basi nipe maji," akasema. "Kama kazi yao ni kuugua kwa niaba ya wengine, angalau wasikae na kiu."