Kiarabu cha Jikoni

Wa kwanza kumsikia alikuwa wifi yake Mwanaharusi, mke wa kaka yake Shaibu, waliyekaa naye nyumba moja. Biubwa alikuwa amejilaza ukumbini baada ya adhuhuri, khanga imemfunika uso, na majirani wawili wamekaa pembeni wakisuka ukili. Ghafla yule aliyelala akaanza kusema, na hakusema Kiswahili. Alisema Kiarabu, haraka haraka, kwa sauti nyembamba ambayo hawakuijua kuwa ni yake.

"Hadhir, hadhir. Wallahi. Hadhir."

Alipoamka aliwakuta wote watatu wamemkazia macho.

"Wifi, ulikuwa na nani?" Mwanaharusi akanong'ona.

"Wapi?"

"Huko ulikokuwa. Unazungumza Kiarabu kitupu, unaitika hadhir, hadhir. Ulikuwa umehudhuria kwa nani?"

Hapo ndipo Biubwa alipopaswa kusema. Neno lile kule alikotoka ni la mtumishi anayeitwa: naam bibi, nakuja. Lakini angelielezaje? Miaka sita aliyokaa Maskati aliwaambia watu wa kisiwani kwao Chole kwamba anamlea bibi kizee, anakula naye sinia moja, anaitwa binti. Alikwenda huko baada ya hifadhi ya bahari kupiga marufuku majuya, zile nyavu za kukokota, mumewe akahamia Kilwa na nyavu zake na hakurudi tena. Na hapakuwa na bibi kizee. Palikuwa na vyoo vinne vya kuosha na kengele ya kumwita. Siku moja pete ya mwenye nyumba ilipotea, akavuliwa nguo sebuleni mbele ya watoto, akaapa mpaka sauti ikamkauka. Pete ikaonekana jioni ndani ya kikapu cha nguo chafu. Hakuna aliyemtaka radhi.

Kiarabu alikijua kwa njia hiyo, na kikamfuata mpaka kwao. Mama yake marehemu alipomjia ndotoni alimsemesha Kiarabu hicho hicho cha kuagiza, na yeye, mtoto wa kumzaa, akamwitika hadhir.

"Sikumbuki," akamjibu wifi yake.

Neno hilo moja likatosha. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulishajua kuwa Biubwa amerudi na karama, akilala anazungumza na watu wasioonekana. Wanawake wa rika lake wakaanza kumpa shikamoo. Kwenye shamba la mwani alikoanza kulima walimpokea gunia na kumbebea mpaka pwani. Alikuwa anaona haya, lakini tusimfichie: ilimpendeza pia. Miaka sita nzima hakuna mtu aliyeinuka kumpisha kiti.

Wiki ya tatu Mwanaharusi akaja mbio mchana kutoka kwa wazazi wake alikolala, mwanawe Maleeha mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa anachemka kama chungu, macho hayatulii. Nyuma yao walifuata wanawake watano au sita.

"Msomee, wifi. Homa tangu jana. Nilitaka kumpeleka zahanati asubuhi, nikasema hapana, kwanza aguswe na wewe."

Akawekewa kikombe cha maji mbele yake. Biubwa akasoma Alhamdu, sura anayoijua kila mmoja wao. Akamaliza. Wanawake hawakuondoka. Walikuwa wanangoja kile kingine, kile cha usingizini, na Mwanaharusi alikuwa amefumba macho kabisa, mikono wazi mapajani.

Biubwa akainamia kikombe. Kwa sauti ya taratibu, ya kuvuta, akasema maneno aliyokuwa akiambiwa kila siku ya Mungu: "Sakiri al-baab. Ghasili as-suhuun. La tinami." Funga mlango. Osha sahani. Usilale.

"Amina," wakaitikia wanawake.

Hapo akamwona Mwalimu Muhidini amesimama mlangoni. Huyu ndiye mwalimu wa chuo cha Kurani pale Chole, na alisoma Sudani miaka minne, kwa Kiarabu. Hakucheka wala hakukunja uso. Alimtazama mtoto tu.

"Mwanaharusi, mpeleke zahanati sasa hivi. Maji hayo yaache."

"Lakini Mwalimu, ndiyo kwanza..."

"Sasa hivi, mwanangu."

Mwanaharusi akatoka na mtoto, wenzake wakamfuata. Biubwa akabaki ameshika kikombe, asijue maji ayamwage wapi.

"Mlango umeshafungwa, Bi Biubwa," Muhidini akasema polepole. "Na sahani zimeoshwa?"

Uso ulimwaka mpaka masikio yakavuma. "Nisitiri, Mwalimu. Nakuomba."

"Mimi sitasema. Lakini kesho akiletwa mwingine, je?"

Akaenda zake. Biubwa aliona afadhali angemtukana.

Zahanati haikuwa mbali. Biubwa akawafuata, na alipofika mtoto alishatobolewa kidole na kupewa dawa, na nesi alikuwa anafoka kwamba mtoto mwenye malaria kama hii hakai nyumbani kutwa nzima. Mwanaharusi hakuwa anasikia. Alikuwa kwenye benchi, jasho na machozi pamoja, akiwasimulia waliokuwa kwenye foleni.

"Ameanza kupoa tangu wifi amsomee. Tangu pale pale! Huyu hapa, amekuja."

Mama mmoja mtu mzima, Bi Kijakazi, akamshika Biubwa mkono. "Mwanangu, nina mjukuu nyumbani ananidondoka kwa kifafa..."

"Mlete hapa kwa nesi," Biubwa akasema. "Usimlete kwangu."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akatazama sakafu. "Kwa sababu mimi sina kitu. Nilikuwa mtumishi wa ndani kule Maskati. Ninayoyasema usingizini ndiyo niliyokuwa nikiambiwa jikoni. Na leo juu ya maji ya mtoto nimesema funga mlango, osha sahani."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mwanaharusi naye alianza kutabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha tabasamu likaondoka.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Mimi nimefumba macho mbele yako, mwanangu anaungua, na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na angekufa?"

Biubwa alilitafuta neno nisamehe kwa Kiswahili, likakataa kutoka. Lililomjia kinywani ni lile la kule, hadhir, akalimeza.

Maleeha akapona. Chole ikacheka, kwa sababu ilikuwa lazima icheke. Wapo wasichana waliompita shambani wakaitana kwa kunyanyua sauti, "Hadhir!" Shikamoo zikaisha, gunia akalibeba mwenyewe. Mwanaharusi hakumsemesha siku kumi na moja, na nyumba ni moja, jiko ni moja. Chakula alimwekea kimefunikwa, akaondoka.

Siku ya kumi na mbili Biubwa alirudi pwani amechoka, akakaa ukumbini ameegemea ukuta. Alikuwa hajalala mchana tangu siku ile. Kila jicho lilipoelemea alijifinya paja. Mwanaharusi alikuwa anachambua mchele, mtoto akimchezea miguuni.

"Unajifinya nini?"

Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Nitasema tena usingizini, mtasikia," Biubwa akajibu. "Aibu."

Mwanaharusi akapeta ungo mara mbili tatu, uso umekaza vile vile.

"Lala," akasema. "Ukianza kuitika, nitakuamsha."