Ubani kwa Ndama

...la, hakuguswa na mtu, hilo ndilo jibu, maneno manne tu, yamekaa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Shafii, na wala Daktari Doris hakuinua uso alipouliza, aliuliza huku anaandika, kama mtu anayeuliza saa ngapi, "Mzee Shafii, huyu ndama aliguswa na mtu yeyote kabla mama yake hajamnyonyesha?", glavu zake kaziacha majanini zikiwa na damu, maji ya kunawa yako kwenye ndoo aliyoishika Shafii, ndoo ya lita ishirini imejaa mpaka mdomo, vidole vimekwisha kufa ganzi kwenye mshikio, angeweza kuiweka chini, nani angemkataza, lakini haiweki, anaona akiiweka chini atakuwa amekwisha jibu, na chini penyewe pana gunia la korosho, na chini ya gunia pana ndama, miguu minne imetokeza nje, kwato bado laini, hazijamaliza hata kuchakaa kwa mchanga wa siku tatu, "tumboni hamna tone," Daktari alisema alipompasua, "hakunyonya kabisa huyu, hata mara moja," na Filipo, mlinzi wa geti, mtu wa mzaha hata msibani, leo anachokonoa meno na kijiti tu, anaangalia pembeni, maana Filipo anajua, Filipo ana pua... na upande wa pili wa ua Somoe analia. Si kilio cha sauti kubwa, palahala, swala mkubwa yule, hapigi kelele, ni mguno tu wa chini, unatoka, unakatika, unatoka tena, jike zuri lile, rangi ya udongo mwekundu, uso wenye michirizi myeupe, pembe zimepinda kurudi mgongoni kama miundu miwili, anakwenda mpaka kwenye majani marefu ya pembeni, ananusa, anarudi, anakwenda tena palepale, ananusa, chuchu zimejaa mpaka zinadondosha, na bosi alikwisha sema jana mbele ya watu wote wa bustani ya wanyama, "asiyelea hali majani yangu," akatazama upande wa simba, na simba wa bustani hii anakula nini kila mtu wa Mtawanya anajua, punda waliozeeka na ng'ombe waliovunjika miguu, kwa hiyo karatasi ya Daktari ni kitu kidogo sana, ina mstari mmoja wa sababu, ukiandikwa "jike hukataa watoto", Somoe anaombewa kibali anachinjwa, ukiandikwa "kosa la mtunzaji", Shafii anachukua baiskeli yake anarudi shamba, basi, ndivyo ilivyo, ama Somoe ama Shafii, na Somoe hawezi kusema... Lakini Shafii anaweza kusema, Shafii ndiye mtu wa kusema, toka ujana wake anajulikana hivyo, "mimi sina kona," ndiyo kauli yake, aliwahi kumwambia mpima korosho mbele ya foleni nzima kwamba mizani yake mwongo na yeye mwenyewe mwongo kuliko mizani, akafukuzwa, akaondoka kifua mbele, na hapa kwenye bustani alipoingia kufagia mavi tu, darasa la saba hakumaliza, vitabu alisoma mwenyewe, kimoja kililowa mvua mpaka kurasa zikashikana akazibandua kwa wembe, ni yeye aliyemkabili bosi akamwambia wazi, dume hili ni baba yake Somoe, haliwezi kumpanda binti yake, damu ikirudi kwenye damu utazaa vilema, bosi akacheka, "mbuzi mbona wanapandana," akamjibu, "basi fuga mbuzi," Filipo akashika kichwa, akajua leo mzee kafukuzwa, lakini hakufukuzwa, bosi alikaa wiki nzima amenuna kisha akaleta dume jipya kwa lori kutoka bara, akabadilishana na la zamani, na Shafii ndiye aliyejenga ua wa kati, ndiye aliyelala... hapana, hakulala, alikaa, siku kumi na moja akimtazama dume akinusa mkojo wa Somoe, akiinua mdomo wa juu, akigonga mguu wa nyuma wa jike kwa mguu wake wa mbele, taratibu, kama mtu anayebisha hodi mahali asipopajua, akaandika tarehe, akahesabu miezi minane na ushei, hesabu ikatoka sawasawa, kwa hiyo mtu aliyeyajua yote hayo alishindwaje kujua dogo hili moja... "Palahala humficha mtoto," Daktari alisema asubuhi, alisema tu akivaa glavu, hakuwa anamfundisha mtu, "humzaa pembeni, humlaza kwenye majani, anakwenda zake kula, anarudi mara chache kumnyonyesha, ukimwona ndama peke yake usifikiri ametupwa, ndiyo malezi yenyewe hayo," na Shafii akaitikia "ndiyo, Daktari" kama mtu anayekumbushwa alijualo, na kumbe yeye alimkuta ndama pale kwenye majani marefu, asubuhi ile ya kuzaliwa, kipupwe kinapiga, umande mzito, kitoto kimelowa, kinatetemeka, kimejikunja kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba, na mama yuko hatua arobaini anakula, anatafuna, hana habari, na hasira zikampanda Shafii, hasira zake hizi, alisema kwa sauti, "mwanamke gani wewe," akambeba, akampeleka kwenye kibanda cha kuhifadhia majani, akampasha maji, akamkanda, akampaka mafuta ya nazi toka kichwani mpaka kwato, kila kunjo, nyuma ya masikio, akawasha makaa akaweka ubani akamfukiza, kama afukizwavyo mtoto yeyote wa hapa aliyezaliwa salama, akamfunga uzi mweusi mguuni kwa ajili ya macho ya watu, maana Jumamosi watalii wa ndani wanakuja na kila mtu ana jicho lake, na kitoto kikaacha kutetemeka, kikamnyonya kidole, hilo ndilo hawezi kulisimulia kwa mtu, kilimnyonya kidole kwa nguvu, na Filipo akapita na baiskeli akasimama akanusa, "Mzee Shafii, leo swala wana maulidi? Mbona sijaalikwa?", wakacheka, walicheka wote wawili, kisha akamrudisha ndama uani, akamsukuma kwa mama yake, na Somoe akaja mbio kweli, akanyoosha shingo, akanusa, akarudi nyuma hatua moja, akanusa tena, akainamisha pembe... mara tatu, na Shafii akaruka ua akamwokoa, akampa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, hakuyapokea, kidole alikipokea lakini chupa hakuipokea, siku ya kwanza, siku ya pili, na sasa huyu hapa chini ya gunia, na Somoe yule pale ananusa majani marefu, anamtafuta yule aliyemzaa, yule mwenye harufu yake, hajui kwamba ndiye huyuhuyu, hajui kwamba alikuja kwake amevaa harufu ya nyumba za watu... Kwa nini alimpaka, mzee mzima, hata nyumbani kwake kazi ile si ya mwanamume, ni ya bibi na shangazi, mlango unafungwa na mwanamume anakaa nje barazani, na yeye alikaa nje mara mbili, miaka ile mkewe Asia alipojifungua, mara mbili alisikia mtoto analia ndani, mara mbili alinusa ubani unapita chini ya mlango akasema alhamdulillahi, na mara zote mbili alipopewa mtoto mikononi alipewa amekwisha fungwa sanda, mwepesi, mwepesi kama mkate, hakuna mtoto aliye hai aliyewahi kupita kwenye mikono hii, ndiyo maana, Daktari, kama kuna mahali pa kuandika ndiyo maana, lakini karatasi ina mstari mmoja tu. "Na jambo la ajabu," Daktari anasema, bado anaandika, kumbe anasema na Filipo, "maziwa yake mazuri kabisa, nimeyakamua kidogo, ya njano, mazito, yale ya kwanza, hayo ndiyo kinga yenyewe, mtoto akiyakosa hayo hata ukimpa kitu gani, kila ugonjwa unapita mlango wazi," na Filipo anaitikia, "kwa binadamu pia, Daktari?", "kwa binadamu pia, tena zaidi," na Shafii akaihamishia ndoo mkono wa pili, ya njano, alisema ya njano, maziwa ya njano... Mama yake Shafii, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuja kumwogesha Asia uzazi, maana Asia hakuwa na mama, na alitoka ndani ameshika kifuu cha nazi, amekiinamisha asikimwage njiani, akakimwaga chini ya mpapai nyuma ya nyumba, Shafii alimwona kwa macho yake, akauliza, "nini hicho, mama?", "maziwa ya mkeo, machafu, tazama rangi, kama usaha, mtoto hapewi haya, tutampa maji ya sukari na dawa ya mizizi mpaka yasafike," na akaona ni sawa, nani angeona si sawa, mama kazaa tisa, siku ya nne mtoto akaharisha, siku ya tisa akazikwa nyuma ya mpapai, na mwaka uliofuata kifuu kilekile, mpapai uleule, siku ya saba akazikwa wa pili, na mama akamwita pembeni akamwambia, "mwanangu, kuna wanawake maziwa yao baridi, hayalei, huyu hata ukikaa naye miaka kumi utakuwa unachimba tu," na Asia alikuwa mlangoni, kanga imelowa kifuani, nyumba haina mtoto na maziwa hayajui, yanatoka tu, na mpapai ule ulizaa sana mwaka ule, Mungu wangu, walikula mapapai yake... "Sina kona," alisema Shafii siku ile pia, aliwaita wajomba zake Asia kutoka kwao, wakaketi kwenye jamvi, hakuzunguka, hakuweka maneno kwenye karatasi ya kupambia, alisema, "mpwa wenu hana maziwa ya kulea, namrudisha," na watu walimsifu, walisema huyu angalau ni mkweli, wengine humtesa mwanamke mpaka akimbie mwenyewe, na yeye aliondoka kifua mbele kama siku ya mizani, Asia alifunga mzigo wake, alichosema ni kimoja tu, "Shafii, hukuwahi kuniuliza," na yeye akakasirika, akuulize nini, jambo liko wazi... Liko wazi. Na daftari la uzazi la bustani liko palepale kwenye kimeza alichowekewa Daktari uani, limefunguliwa ukurasa wa Somoe, na juu ya ndama wa mwaka juzi, yule wa kwanza, kuna mwandiko wake mwenyewe Shafii, herufi kubwa, alizojifundisha kwa mkaa ukutani, MAMA HANA HURUMA, aliandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi, na yule wa mwaka juzi naye alimkuta peke yake kwenye majani, naye alimpaka mafuta, naye alimfukiza, alikuwa amesahau, hapana, hakusahau, hakukuwa na mtu wa kumuuliza, mara mbili, kifuu kilekile, na aliyekuwa ndani ya ua hana mdomo wa kujitetea... na ile ya sokoni, kwa nini inakuja sasa, sokoni Mtwara mjini, mwaka wa ngapi ule, alikutana na Asia karibu na wauza pweza, amenenepa, ameolewa Msimbati huko kwenye fukwe za Mnazi Bay, ana watoto wanne, wote wazima, wote wamenyonya kifua kilekile kilichoitwa baridi, na ubavuni kwake kijana mrefu amebeba kikapu, "Jafari, msalimie mzee," kijana akatoa shikamoo, na Shafii akauliza, "huyu ndiye mkubwa wako?", kwa maana alijua kwamba kwa mume wa Msimbati huyu ndiye wa kwanza, na Asia akamtazama, hakuwa na chuki, akasema, "huyu ni wangu wa tatu," akachukua chenji yake ya pweza, akaenda, na Shafii alicheka njia nzima, alimsimulia mpaka dereva wa bajaji, wanawake bwana, wanasahau hata hesabu ya watoto wao, dereva naye akacheka... wa tatu. Hakukosea hesabu. Alikuwa anahesabu miaka yote hiyo, peke yake, wale waliolala nyuma ya mpapai, na mtu wa pili duniani aliyepaswa kuhesabu naye alikuwa kwenye bajaji anacheka, yeye asiye na kona, kumbe ukweli wake wote ulikuwa wa makosa ya watu, mizani ya mtu, maziwa ya mtu, huruma ya mnyama, wazi kabisa, kifua mbele, na lake mwenyewe hata moja hajawahi kulisema... Somoe amesimama sasa. Ameacha kunusa. Anatazama upande huu, kwenye gunia, masikio mbele, maziwa yanadondoka kwenye vumbi tone kwa tone, ya njano, na Filipo ametupa kijiti chake, anamtazama Shafii kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anatikisa kichwa kidogo sana, usiseme, mzee, nani kakuona, mimi sijanusa kitu, na kweli hakuna aliyenusa, ingetosha kunyamaza tu, hata kusema uongo asingelazimika. "Mzee Shafii," Daktari anasema, kalamu palepale, macho kwenye karatasi, "nilikuuliza, aliguswa na mtu?", na Shafii akayatafuta yale maneno manne kwenye ncha ya ulimi wake asiyaone, ndoo bado mkononi, mkono wenyewe, akiusogeza karibu na uso, mpaka leo una nazi na ubani, akasema, "mimi, Daktari. Niliwashika mimi. Wote wanne." Kalamu ikaanza kuandika, ikasimama. "Wanne?" akauliza Daktari Doris, akarudisha kidole kwenye daftari, akahesabu, "mbona hapa kuna wawili tu..."