Nawa Uso, Mama Mkwe

Safari ya Bubasti ilikuwa haijafika hata nusu, na tayari mtungi wa pili wa divai ulikuwa umelala chali mashuani. Kayamba zinalia, mpiga filimbi mashavu yanataka kupasuka. Kila mji waliopita, kina mama walisogea ukingoni, wakawatupia wanawake wa nchi kavu matusi waliyoyahifadhi mwaka mzima, wakafunua nguo zao, wakacheka, wakaondoka. Ndivyo sikukuu ya Basteti, mwenye hekalu lake huko Bubasti, inavyokwenda. Mungu wa kike mwenye uso wa paka hana shughuli na watu wanaonuna.

Ila umbea nao ulikuwa umepanda mashua. Ulianzia nyuma kwa wauza vitunguu, ukatoka mdomo huu ukaingia sikio lile, mpaka ukamfikia Mutirdis, mama mtu mzima aliyeongoza msafara. Akaja kusimama mbele ya Irtiru, mwanamke aliyeachika juzijuzi.

"Mwanangu, nakuuliza mbele ya watu. Ni kweli uliua paka?"

Filimbi ikakatika. Paka ni wa Basteti, na anayemuua hupigwa mawe hadi kufa.

"Nani kasema?"

"Mama mkweo, Tadibasti. Eti ulimponda kwa mchi wiki iliyopita, ndiyo maana mwanawe kakufukuza."

"Kanifukuza ili aoe mtoto wa shangazi yake! Huyo paka sijamgusa."

"Mimi nakuamini," alisema Mutirdis, kwa sauti ya mtu asiyeamini. "Lakini mto una mamba, mwanangu, na sisi tuko wengi. Basteti akikasirika tunazama wote. Tutakushusha hapo mbele."

Hapo mbele palikuwa gatini kwa Tadibasti mwenyewe. Irtiru alijua akishushwa pale watu watasema hata mungu kamkataa, na mawe yatafuata. Akainuka, akajifunga kibwebwe.

"Haya, sogezeni. Lakini sishuki kabla sijawatukana wa gatini kama mlivyowatukana wengine. Au Basteti ni wenu peke yenu?"

Mashua ikasogea.

Tadibasti alikuwa mbele ya wenzake wote, kitani cheupe, shanga mpaka kifuani. Alipomwona mkwewe kwenye omo, mbele kabisa ya mashua, akapaza sauti: "Muuaji huyo! Mshusheni tumwoneshe!"

Irtiru alikuwa amemwandalia tusi zuri kuhusu miguu yake. Mashua iliposogea karibu zaidi, jua likampiga yule mama usoni, tusi likamfia Irtiru mdomoni. Alikuwa ameona kitu.

"Mama mkwe! Huyo paka alifia kwako?"

"Jikoni kwangu! Damu nilifuta mwenyewe!"

"Na mlimlilia?"

"Nyumba nzima, mpaka watumishi!"

"Sasa nyusi zako zinafanya nini usoni?"

Paka akifa nyumbani, wote wa nyumba hiyo hunyoa nyusi, mkubwa kwa mdogo. Hata mtoto anayetambaa hasazwi. Wanawake wakaanza kumchungulia Tadibasti usoni kama wanaochagua samaki sokoni.

Tadibasti akajishika kipaji cha uso. "Hizi... nimechora. Ni wanja!"

"Basi nawa uso, mama mkwe. Maji hayo hapo, mto mzima."

Mashua nzima ikaangua kicheko. Kayamba zikadaka: nawa, nawa, nawa! Na wa gatini nao wakapokea, maana nani anakataa uhondo kama ule? Jirani yake Tadibasti akachovya dole gumba majini, akamsugua unyusi kabla hajakwepa, kisha akaliinua dole hewani. Jeupe.

"Shoga, wanja gani huu usiotoka? Na paka wako mbona juzi nilimwona kwa mwoka mikate, tumbo hilo analiburuta?"

Tadibasti alikusanya kitani chake akaondoka, mwendo wa bata aliyefukuzwa jikoni. Nyuma yake Irtiru akafunua nguo yake mpaka kiunoni, gati likalipuka kwa vigelegele.

"Njoo ukae mbele, mwanangu," Mutirdis akaita, mtungi mkononi. "Tumekuwekea divai."

Irtiru akageuka. Pindo la nguo bado alikuwa amelishika.

"Mlitaka kunishusha."

"Tuliogopa."

"Mmeniona tangu asubuhi, nimekula vitunguu vyenu, nimewaimbia. Mkaogopa maneno ya mtu ambaye hata hayumo mashuani!"

Akawafunulia na wao. Akawataja kwa majina, wauza vitunguu kwanza, kila mmoja na tusi lake, hakumruka hata mpiga filimbi. Zamu ya Mutirdis ilipofika, yule mama aliweka mtungi chini, akasimama kama wanavyosimama wanawake wa nchi kavu, mikono kiunoni, kidevu juu, akalipokea lake mpaka mwisho. Lilikuwa refu.

Hapo ndipo Irtiru alipouchukua mtungi.