Meno Manne na Mtu Mmoja

Gamba lilikuwa na urefu wa milimita moja na nukta nane. Mpimaji alilipima mara tatu, kama utaratibu unavyotaka, akaandika kwa penseli kwenye fomu, kisha akanyoosha shingo. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na chai yake ilikuwa imepoa kwenye kikombe ambacho kilikatazwa kukaa karibu na hadubini na ambacho kilikaa hapo kila siku.

Magamba yalikuwa manane, meupe, membamba kiasi cha kupitisha nuru, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Maji ya chemchemi yalikuwa yameyasomba kutoka ndani ya mlima, kwenye pango ambalo kampuni ya mbolea ilichimba kinyesi cha popo mpaka siku mlango wake ulipozibwa kwa zege. Konokono wa aina hiyo alikuwa hajawahi kuandikwa popote. Na konokono ambaye hajaandikwa, kwa watu wa jumba lile la makumbusho, ni kama hajazaliwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Lazima mtu akae amwandike: urefu, upana, mizunguko, rangi, na meno yaliyoota kwenye mdomo wa gamba. Mpimaji alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, tena vizuri kuliko wale waliotia majina yao juu ya kurasa.

Akageuza gamba la tatu ahesabu meno. Yalikuwa manne. Nyuma ya jino la nne alikuwa ameketi mdogo wake, taa ikiwaka kwenye kofia.

Utaratibu unasema kitu kisichotarajiwa kwenye mdomo wa gamba kichukuliwe kwanza kuwa uchafu. Akachovya brashi yenye unywele mmoja kwenye maji safi, akasugua taratibu. Mdogo wake akajikinga uso kwa kiwiko, vilevile alivyojikinga zamani akiamshwa kwenda shule. Mpimaji akazima taa ya hadubini. Mwanga mdogo ukabaki ndani ya gamba.

Huyu mdogo wake, waliyemwita Kibiriti kwa sababu aliwaka upesi na kuzimika upesi, alikwenda kazini kwenye pango lile Jumanne moja, miaka sita iliyopita, asirudi. Kampuni ikaleta barua: yeye na wenzake sita wameacha kazi bila taarifa. Majirani, ambao hawakosi la kusema, wakasema atakuwa ana mke mwingine huko aliko. Mama yao hakuweka msiba, maana aliyeacha kazi hafanyiwi msiba. Alibaki na swali moja, na alimuuliza kila aliyepita: "Mtoro gani anaacha viatu vipya mlangoni?" Alichotaka mama yule hakikuwa kikubwa. Alitaka karatasi yenye mhuri iseme mwanawe hakutoroka.

Mpimaji akamwita Profesa, mkuu wake wa kazi.

"Profesa, humu ndani kuna mtu."

Profesa akavua miwani, akainama kwenye hadubini. "Naam. Ameketi."

"Ni mdogo wangu."

"Pole sana. Umetazama na mengine?"

Alikuwa hajatazama. Profesa akamkumbusha kanuni ya makumbusho, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga bomba: kinachoonekana kwenye gamba moja ni uchafu, kinachoonekana kwenye matatu ni sifa. Wakatazama yote. Kila gamba lilikuwa na meno manne na mtu mmoja. Mpimaji aliwajua saba. Sita kati yao walikuwa wakija nyumbani kumpitia Kibiriti asubuhi. Wa nane hakumjua, na hata kwenye orodha ya watoro ya kampuni hakuwemo. Alikuwa amekumbatia magoti, na taa hakuwa nayo.

"Basi ni sifa," Profesa akasema.

Tatizo likawa fomu. Fomu ina nafasi ya meno na nafasi ya rangi, nafasi ya watu haina. Walikaa mpaka saa nane wakibishana, na njaa ikiwauma.

"Niandike jina lake," mpimaji akasema.

"Jina la mmoja haliwezi kuwa sifa ya wote."

"Basi niandike kwamba wamekufa."

"Wamekufa vipi? Si amekunja mkono ulipomgusa na brashi?"

"Basi niandike wako hai."

"Wako hai vipi, dada yangu, ndani ya milimita moja na nukta nane?"

Mpimaji hakujua. Profesa naye hakujua, ila yeye alikuwa amezoea kutojua kwa sauti kubwa. "Sisi tunaandika tunachokiona," akasema. Hatimaye iliandikwa kwenye nafasi ya meno: *Meno manne na mtu mmoja, ameketi.* Mpimaji alihisi amesaidiwa na kudhulumiwa kwa sentensi moja, na hakuweza kutenganisha lipi linaanzia wapi.

Likabaki jina la konokono. Profesa alishalichagua. Angeitwa kwa jina la meneja wa kampuni ya mbolea, aliyetia saini kibali cha kuchukua maji ya chemchemi. Ndiyo desturi yao: anayekufungulia mlango, wewe unampa konokono.

"Lakini huyu ndiye aliyeuziba," mpimaji akasema.

"Mlango upi?" Profesa akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Wakaguzi wa jarida la sayansi walirudisha andiko wakiwa na swali moja tu: kwa kuwa gamba linazunguka kulia, je, mtu naye ameelekea kulia? Mpimaji akatazama tena. Wote walielekea kwenye mdomo wa gamba. Akaongeza maneno hayo, na andiko likachapishwa.

Mama alilipeleka kwenye ofisi ya kazi, limefungwa kwenye kanga safi, pamoja na ile barua ya miaka sita. Mpimaji alimsindikiza. Karani alisoma ukurasa wote, hata marejeo. Hakuwa mtu mbaya. Alimtafutia mama kiti.

"Mama, hapa pameandikwa mtu. Hapajaandikwa nani."

"Tazama namba tatu, mwanangu."

"Namba tatu ni konokono, mama."

"Ndani yake."

Karani akasoma tena, akakuna kichwa. "Haya, tuseme ni yeye. Anaonekana ameketi. Aliyeketi siwezi kumwandika marehemu. Na kama ameketi humu, ndiyo kusema kazini hayupo, si ndiyo? Basi hata barua ya kampuni haikusema uongo." Aliligeuza faili huku na huku, kama ambaye naye angependa kuona limekosewa mahali. Halikuwa limekosewa. Akalifunga.

Njiani mama aliuliza, "Sasa pale tumekubaliwa au tumekataliwa?"

"Sijui, mama," mpimaji akasema, na hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu alikuwa mtu wa vipimo.

Siku hizi mama huja makumbusho kila Alhamisi. Kwenye daftari la wageni, penye sababu ya kuja, aliandika mara ya kwanza: *Kumjulia hali mwanangu.* Mlinzi akayakata maneno hayo kwa mstari wa rula na kuandika juu yake: *Konokono.* Mama hakugomba. Hukaa kwenye kiti cha bintiye, hufumba jicho moja, na huchukua muda mrefu.

"Amekonda," husema. Kisha humwambia Kibiriti habari za nyumbani: bati limebadilishwa, viatu vyake vinapakwa rangi kila Jumamosi visipasuke. Na hawezi kuondoka bila kuonyeshwa yule wa nane. "Huyu mama yake hajui hata pa kuja," husema. Humsalimu, humuuliza kama amelala salama, hungoja kidogo.

Saa sita mpimaji huzima hadubini. Hurudisha vichupa kwenye droo, vyote vinane, kila kimoja na kibandiko chake chenye jina la meneja, na hufunga kwa ufunguo.