Kisanduku cha Hapana

Bwana Kurata wa bima ya gari, aliyepiga magoti mbele ya meza fupi, aliisukuma fomu kwa mara ya tatu.

"Bi Misuzu, ni swali hili tu linalotukwamisha."

Lilikuwa limewakwamisha tangu chai ikiwa ya moto. Je, siku marehemu alipofariki, mlikuwa mkiishi nyumba moja? Ndiyo au Hapana. Hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba Misuzu alikuja kwa baba yake kila Ijumaa kwa miezi kumi na minne, na kila Jumapili jioni akarudi mjini.

"Kuna la kufikiria hapo?" Shangazi Tomie alikuwa akimenya chungwa kana kwamba limemkosea. "Baba yako kaendesha kale kagari miaka ishirini na mbili bila kudai bima. Daraja la juu kabisa la punguzo! Wewe mwanawe, lichukue."

"Kutodai siyo kutogonga, Shangazi."

Mtaa mzima ulijua. Kigari cha kubebea machungwa kilichokuwa uani kilikuwa kimebonyea kwa kugonga nguzo ya posta, ukuta wa hekalu, na geti la Shangazi. Kila mara baba yake, mzee Isao, alinyoosha bati kwa nyundo, akaenda kuomba radhi na boksi la keki, mradi daraja lake lisishuke.

"Geti langu alilipa kwa keki za maharage," alisema Shangazi. "Tena kavu."

Bwana Kurata alikohoa. "Mtoto hurithi daraja ikiwa tu waliishi pamoja. Ukiweka Hapana, unaanza la sita, kama kijana aliyepata leseni jana. Bei itakuumiza."

"Na nikiweka Ndiyo?"

Akaangalia kikombe chake. "Hakuna atakayekuja kuhesabu miswaki."

"Si umesikia?" Shangazi aligonga meza. "Na sasa hivi si unaishi hapa?"

Anaishi, ndiyo. Alihamia tarehe mosi Aprili, kama alivyoahidi. Februari baba alikuwa ametoa makreti yote chumba cha juu, akafua mapazia, akampigia simu: njoo ukae. Yeye akamjibu, mwaka wa kazi ukiisha mwisho wa Machi, Baba, wiki chache tu. Baba akafariki tarehe tisa Machi.

"Aliniomba nije, sikuja," alisema Misuzu. "Nikiandika Ndiyo, nitakuwa nasema nilikuja."

"Unamwambia nani? Hii ni bima, siyo toba!"

Misuzu alichukua kalamu, akaweka alama kwenye Hapana, akabonyeza muhuri wa jina lake, badala ya sahihi, mpaka wino ukavuja pembeni.

Bwana Kurata alishusha pumzi ndefu, akafungua ukurasa wa pili. "Makazi ya sasa ya dereva?"

"Hapa hapa."

Shangazi akamwekea nusu ya chungwa mkononi, bila kumtazama.

"Daraja la sita," alisema. "Basi usipite karibu na geti langu."