Viriba Arobaini vya Baba Romana

Nangara nzima ilijua kwamba Xaveria hafiwi na mche. Kabichi, nyanya, vitunguu, migrivea ya kupanda mipakani, umpe mbegu yoyote atakurudishia kitu kimesimama. Mwaka ule mkoa ulikuwa mpya, Babati imefurika wageni wa ofisi na biashara, na kila aliyepata kiwanja alitaka miti uani upesi upesi. Wote walielekezwa kwa mjane yule aliyeshuka kutoka Mbulu. Wenye wivu walisema ana dawa. Dawa gani, jamani! Mama wa watu alikuwa na subira, basi.

Jumapili moja ya Februari, baada ya misa, mkwewe Baltazar alifika na pikapu ya kuazima. Baltazar ndiye mume wa Devotha, mtoto wa pekee wa Xaveria. Walikaa Nakwa na binti yao Romana, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mtu mwenyewe hakuwa mbaya, ila alikuwa na maneno matamu na biashara mpya kila msimu, na hakuna hata moja iliyofika mavuno. Alishusha viriba arobaini, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vimefunikwa turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeniletea nini?"

Baltazar akafunua turubai. Xaveria aliyatazama majani yale yenye vidole, akafanya ishara ya msalaba. Hakuhitaji bwana shamba wa kumwambia kwamba ile ilikuwa bangi.

"Ondoa kitu hicho kwangu, Baba Romana. Ondoa sasa hivi!"

"Nisikilize kwanza, mama." Akapiga magoti, mtu mzima, na suruali yake ya Jumapili. Akaeleza kwamba ameiotesha ndani, kwenye stoo, chini ya bati la plastiki linalopitisha mwanga, ili majirani wasione. Ile ya awamu ya kwanza aliitoa stoo akaipeleka moja kwa moja shambani, huko mbele ya Bonga, katikati ya mahindi. Jua likaimaliza yote kwa siku mbili. "Hii ndiyo iliyobaki, na mbegu zimekwisha. Wewe unajua kukomaza miche hadi ivumilie jua. Nipe siku kumi tu. Ukikataa sikulaumu, nitaikomaza mwenyewe pale uani Nakwa."

Pale uani Nakwa, alipo Devotha na mtoto, ukuta kwa ukuta na balozi wa nyumba kumi! Wala hakuwa anamtishia. Ndivyo alivyoumbwa, akishaamua jambo haoni aliye nyuma yake. Xaveria akaifunika tena ile miche kwa turubai.

"Iache," akasema.

Msidhani alikubali. Palepale, mkwe akiwa bado anashukuru, Xaveria alikwisha kuamua kuiua ile miche. Kuing'oa hapana, kwa sababu Baltazar angetafuta mbegu nyingine, na hasira zake angezimalizia kwa Devotha. Lakini ikifa mikononi mwa Xaveria, ambaye hafiwi, Baltazar angesema hii kitu imekataa, akageukia mitumba au kuku. Na kuua mche uliolelewa ndani hakuna kazi. Uutoe kivulini saa sita mchana, uuache. Ile ya Baltazar ilikuwa myembamba, mirefu, imepauka kama ngozi iliyoshinda wiki nzima chini ya bandeji.

Jumatatu saa sita alivitoa viriba vyote arobaini, akavipanga juu ya udongo mtupu penye jua kali. Akaingia ndani, akafunga mlango, akaanza kuchambua maharage. Haikutimia saa moja. Bila kuona alijua majani yamekwisha kulala, na sasa shina linafuata. Miaka thelathini mikono ile ilikuwa imefanya kazi moja tu, kuokoa. Akajiambia, kaa chini, Xaveria, hiyo ni bangi. Moyo ukamjibu, nayo imekosa nini? Ilijiotesha yenyewe? Akainuka huku anajitukana, akairudisha kivulini na kuinyunyizia maji kidogo.

Jumanne alishika rozari ili asishike kiriba. Alivumilia kupita jana yake, kisha akashindwa. Jumatano akaona dawa ni kuondoka nyumbani kabisa, akaiacha juani, akaenda sokoni. Alizunguka weee, bila kununua hata kitunguu, akarudi mbio mbio jasho linamtoka. Alhamisi upepo ulivuma mchana kutwa, akauacha uichape kwa saa tatu nzima, halafu akaikinga kwa gunia. Usiku alimwomba Mungu ampe roho ngumu. Alikuwa anaona haya, mama mzima, kushindwa na majani.

Siku ya nane roho ngumu ilikuja. Aliiacha juani asubuhi, bila tone la maji, akaenda msibani Bonga na hakugeuka nyuma. Alirudi jua likizama, amejiandaa kukuta miche yote arobaini imekauka. Lo! Ilikuwa imesimama. Shina lilikuwa limenenepa, majani yamekolea kijani, hakuna hata mche mmoja ulioinama. Xaveria akaketi chini kwenye vumbi. Ni nani aliyewafundisha nusu ya akina mama wa Nangara? Saa moja ya jua leo, saa mbili kesho, punguza maji, ionjeshe upepo, halafu iache kutwa. Alikuwa ameikomaza kwa mikono yake mwenyewe, vizuri kuliko kabichi yoyote aliyowahi kuuza.

Hapo alikuwa bado na nafasi. Panga lilikuwa ukutani, na Nakwa si mbali. Angeweza kwenda kumweleza binti yake yote. Lakini alijiambia, Devotha ananyonyesha, nikimtia hofu maziwa yatakata. Ngoja kwanza. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Xaveria methali hiyo aliijua tangu utoto. Siku ya kumi Baltazar alikuja, akashika kichwa kwa furaha, akapakia viriba vyake. 

Mei, mahindi yakiwa yamempita mtu kimo, polisi waliingia lile shamba la mbele ya Bonga. Baltazar alikatiza mahindini mbio, na hadi leo hakuna anayejua alitokomea wapi. Aliyekutwa katikati ya mimea, jembe mkononi, alikuwa Devotha.

Kesho yake Xaveria alimchukua Romana kwa jirani wa Nakwa aliyeachiwa mtoto, akambeba mgongoni, akaenda kituoni. Afande wa zamu alikuwa na utu. Alimtoa Devotha akamkalisha kwenye benchi la pembeni, akasema dakika kumi. Devotha miguu ilikuwa bado na udongo. Alimpokea mtoto, akampa ziwa.

"Wewe," Xaveria alisema. "Wewe, Devotha, ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilikuwa napalilia." Devotha hakumtazama. "Nilimkatalia, mama. Tangu ikiwa stoo nilimkatalia. Nilimwambia akiendelea narudi kwetu. Halafu siku ile akaileta kutoka kwako. Nikaiona ilivyosimama, nikajua ni mkono wako, hakuna mwingine. Nikasema kama mama ameibariki, mimi ni nani?"

Xaveria akaketi naye kwenye benchi.

"Nilitaka kuiua, mwanangu. Siku nane zote nilikuwa nataka kuiua."

Devotha akainua uso. Alimtazama mama yake, mtoto ananyonya.

"Na mimi hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Ungenituma hata mtu, mama. Neno moja tu. Ningekuja usiku huohuo na mtoto wangu."

Hapo Xaveria alisimama na kugeukia meza. "Afande," akaita, "hii miche aliyeikomaza..."

Devotha alimdaka mkono, akamvuta chini kwa nguvu ambayo Xaveria hakujua binti yake anayo. "Nyamaza! Ukisema tutalala humu wote wawili. Huyu atabaki na nani?"

"Basi kaa naye, mwanangu. Ananyonya, watakuruhusu."

"Humu? Usiku nimelala kwenye sementi, mama, baridi na kunguni. Simtaki humu." Alimtoa mtoto kwenye ziwa, polepole, akamfuta mdomo kwa kidole. "Mpe uji. Uweke karanga kidogo, huo anaupenda. Nenda sasa, kabla sijabadili mawazo."

Afande akasema muda umekwisha. Romana alianza kulia kabla hata hajafungwa mgongoni, akalia kituo kizima, akalia barabara nzima ya Nangara, anajinyonganyonga kutazama walikotoka. Xaveria hakuweza kumbembeleza, kwa sababu yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha yatoke. Njiani alikutana na Mama Ursula, mteja wake wa vitunguu, aliyesimama kwa huruma.

"Shikamoo, Mama Devotha. Pole. Mbona mjukuu analia hivyo, anaumwa?"

"Haumwi," Xaveria akajibu. "Ameachishwa ziwa leo."